Mzee wangu alikuwa fundi maboila, asbesto imemmaliza mapafu. Haki yake tunaidai wapi? (Tabora)

MtotoWaFundi (Tabora)

Wakuu mwangaluka. Uzi ni mrefu mnivumilie, mi kufupisha sijui.

Mzee wangu sasa ana miaka 74. Kuanzia 1972 mpaka 1989 alikuwa kwenye kampuni moja ya mafundi maboila, jina naliacha, kampuni yenyewe ilishakufa zamani na mwenye nayo alisharudi kwao. Kazi yao ilikuwa kuzunguka, leo gineri ya pamba, kesho boila la dobi la hospitali, keshokutwa jiko la mvuke la shule ya bweni, wanafunga mabomba yasipoteze joto. Cha kufungia ulikuwa unga mweupe unakuja kwenye magunia, wanaumwaga kwenye pipa lililokatwa nusu, wanatia maji, wanakoroga kwa mikono, mzee anasema ulikuwa unashika kama ugali wa muhogo, halafu wanapaka kwenye boila kiganja kwa kiganja. Ya zamani ikichoka wanaigonga nyundo idondoke ndo wapake mpya. Chumba hakina dirisha, wakitoka humo weupe kope mpaka nywele, watoto wanawakimbia. Barakoa hakuna. Saa nne kila siku wanapewa nusu lita ya maziwa, wanaambiwa yanasafisha kifua.

Huo unga ndo asbesto.

Mwaka juzi mzee akaanza kubanwa pumzi. Kutoka chumbani kwake kwenda chooni ni hatua 15, nimezihesabu, anapumzika mara mbili na kila mara anashika ukuta palepale, rangi pale ishatoka imebaki alama ya kiganja. Kwanza alianzishiwa dawa za TB, makohozi hayaonyeshi kitu lakini akameza miezi sita yote, akamaliza dozi na kifua kilekile. Mwezi wa tatu mwaka huu tukampeleka Mwanza akapigwa siti skani, daktari kijana tu yule akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, "babu, ulikuwa unafanya kazi gani?" Mzee akaeleza. Daktari akaandika asbestosisi.

Sasa hapa mjini kuna jamaa kafungua kiofisi anaandikisha watu kwa elfu 50, anasema Marekani kuna hela za wagonjwa wa asbesto zimelala, kila mmoja anavuta milioni 300. Mama anataka tuuze mbuzi wawili tukalipe. Mi roho inakataa. Nisaidieni, haki ya mzee ipo wapi, na huyu jamaa ni wa kweli au ni wale wale?

Embe Dodo

Pole mkuu. Nimekaa hapa chini ya mwembe nasubiri wajuvi.

Nyuki Mkali (Kigoma)

Ni wale wale. Kwa Kigoma walipita na gia hiyohiyo, mjomba wangu wa Gungu kalipa elfu 50 ya fomu, wakarudi wakataka elfu 80 ya "kutafsiri cheti", kisha laki moja ya "benki ya nje". Simu ikawa haipatikani. Na mjomba hajawahi kushika asbesto, aliambiwa ukilala chini ya paa la asbesto inatosha.

Jicho la Ng'ambo

Msiwakatishe watu tamaa. Marekani wanalipa kweli, mi nimeona kwa macho yangu matangazo ya mesotelioma (kansa ya asbesto), mawakili wanatafutana na wagonjwa kama wapiga debe wa stendi. Mkuu peleka hizo mbuzi.

binti_Isevya (Tabora)

Mi ni nesi, ya sheria nawaachia wenyewe. Kaka mleta uzi mshukuru sana yule daktari. Asbesto ni nyuzi ndogo kuliko unavyofikiri, ukizivuta zinaganda huko chini kwenye mapafu, mwili hauwezi kuziyeyusha, linajengeka kovu taratibu na pafu linakuwa gumu halitanuki. Hiyo ndo asbestosisi. Mesotelioma ni kitu kingine, hiyo ni kansa ya utando unaofunika mapafu au tumbo, na ipo pia kansa ya mapafu ya kawaida ambayo kwa mvuta sigara aliyeshika asbesto hatari inapanda sana. Msizichanganye maana hata kwenye fidia zinapimwa tofauti.

Shida kubwa ni muda. Miaka 20, 30, hata 40 inapita ndo mtu anaanza kukohoa, ashastaafu, ashasahau, anafika kituoni anaandikiwa TB maana huku kwetu kikohozi kirefu wote tunawaza TB. Kwa hiyo kila mwenye mzee aliyefanya kazi za vumbi, akienda hospitali aseme MWENYEWE, nilifanya kazi fulani mwaka fulani, na akomae iandikwe kwenye faili. Hilo faili kesho ndo ushahidi.

Na maziwa yanaenda tumboni jamani, hayaendi kwenye mapafu.

Mwanasheria Kapuku

Mleta uzi shikamoo kwa mzee. Nimesoma mara mbili. Naandika nikiwa kwenye daladala kwa hiyo mpangilio msinidai.

Anza na huyo wa elfu 50. Marekani ni kweli kuna mifuko ya fidia ya asbesto, ipo zaidi ya 60, ilizaliwa baada ya makampuni kuelemewa na kesi, kampuni ya Johns-Manville ilikimbilia kufilisika 1982 na mfuko wake ukaanza 1988. Lakini mfuko wa kampuni fulani unamlipa aliyeumizwa na bidhaa ya kampuni hiyo, inabidi uonyeshe ulishika mali YAO, wapi, mwaka gani. Sio hela za kugawia dunia. Na mawakili wa kule wa kesi hizi kawaida wanakula asilimia mkishinda, hawatozi hela ya fomu. Anayekudai mbuzi kabla hajasoma hata siti skani ya mzee, mfukuze. Akijiita wakili muulize namba yake ya uwakili, ingia e-Wakili, orodha ya mawakili ya Mahakama mtandaoni, umtafute, hayumo basi ujue.

Sasa ya nyumbani. Tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, ndo iliyozaa WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), Mfuko wenyewe umeanza Julai 2015. Mfanyakazi akiumia au akiugua kwa sababu ya kazi unamtibu, unamlipa sehemu ya mshahara akiwa hawezi kazi (asilimia 70), akipata ulemavu wa kudumu unamlipa, akifa wategemezi wanalipwa. Na huhitaji kuthibitisha mwajiri alifanya uzembe, unathibitisha ugonjwa na kazi basi. Kabla ya hapo palikuwa na sheria ya mkoloni, kiwango cha juu cha ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000 na kifo 83,000. Soma tena, sijakosea sifuri.

Fundo la kesi yako lipo hapo katikati. Mzee kaacha kazi 1989, ugonjwa umegundulika mwaka huu. Mmoja atakwambia kazi ilifanyika chini ya sheria ya zamani, mwingine atakwambia ugonjwa unaanza siku daktari alipouandika kwa hiyo sheria mpya inamgusa. Mi nipo na huyu wa pili na ningeipigania. Usikubali kujibiwa kwa mdomo dirishani. Peleka madai kwa maandishi, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, wakikataa wakatae kwa barua maana barua ndo inakatiwa rufaa, mdomo haukatiwi rufaa. Na fanya haraka, taarifa inatakiwa ndani ya miezi 12, we hesabu toka ule mwezi wa tatu.

Jicho la Ng'ambo

Kwa hiyo kampuni ishakufa, mwenyewe kakimbia, fidia inatoka kwenye hewa? Acheni kumpa mtu matumaini.

Mwanasheria Kapuku

Ndo maana pakawekwa Mfuko mkuu, usimtegemee mwajiri kuwa hai. Ila swali lako zuri, linanipeleka kwenye njia ya pili.

Kampuni ya mzee kama ilikuwa mtoto wa kampuni ya Ulaya, mama yake anaweza kuwa hai. Wachimbaji wa asbesto wa Afrika Kusini waliishtaki kampuni mama, Cape ya Uingereza, Cape wakalia wee kesi irudishwe Afrika Kusini, mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa kule ikasema hapana isikilizwe London, 2003 wakalipana kwa watu kama 7,500. Mwaka 2019 Wazambia wa Chingola waliruhusiwa kuishtaki kampuni ya migodi ya Vedanta London kwa maji yao kuchafuliwa. Kwa hiyo muulize mzee kampuni ilikuwa ya nani, na magunia yaliandikwa nini. Neno moja tu la kwenye gunia linaweza kuwa kesi nzima.

Halafu yale maziwa. Watu wanacheka lakini mi yamenisisimua. Kwenye kesi ya uzembe lazima uonyeshe mwajiri alijua au alipaswa kujua. Uingereza walitunga kanuni za vumbi la asbesto tangu 1931, kwa hiyo ifikapo 1972 hakuna wa kusema hakujua. Sasa wewe unampa mtu maziwa kila siku saa nne kwa sababu ya vumbi, si umekiri mwenyewe kwamba vumbi lina neno? Tafuta wenzake waliokunywa hayo maziwa, wataje.

Fundi Paa (Kigoma)

Naomba niingilie. Mi sijashika boila, mi ni fundi wa mapaa. Miaka kama minane nyuma tulichukuliwa vijana tisa na mkandarasi mmoja kubomoa mapaa ya asbesto kwenye nyumba za zamani, na nyundo na grenda, tulikuwa tunakata kavukavu, vumbi kama ukungu wa ziwani asubuhi. Mkataba hakuna, posho jioni mkononi. Vipande vizima tuliviuza, watu wakajengea mabanda ya kuku, vilivyovunjika vikatwangwa vikafukia matope njiani, mpaka leo nikipita pale naviona. Nina miaka 33 sikohoi. Nifanyeje, nisubiri?

Na wale tunaoishi chini ya paa hizo tuhame?

binti_Isevya (Tabora)

Kaka Fundi, paa zima halijapasuka haliachii nyuzi za kukutisha, ukiliacha lilivyo limetulia. Hatari ni kukata, kutoboa, kuvunja, kufagia kavu. Likibidi kutolewa linalowanishwa maji, linafunguliwa boliti kipande kizima, linafungwa kwenye nailoni nene. Hizo ni taka hatarishi, NEMC (baraza la mazingira) ndo wenye utaratibu wake. Zile za njiani mwambieni mwenyekiti wa mtaa pamwagiwe udongo juu, watoto wanachezea pale.

Wewe kapige picha ya kifua sasa hivi ikae, ili baadae kuwe na ya kulinganisha. Na kama unavuta sigara acha leo, sio Jumatatu.

Mwanasheria Kapuku

Na kutokuwa na karatasi sio mwisho. Sheria ya Taasisi za Kazi inamdhania mtu kuwa mwajiriwa kama anafanya kwa maelekezo ya mwingine, kwa saa zake, kwa vifaa vyake, labda huyo mwingine athibitishe sivyo. Mlikuwa tisa. Kaeni chini leo mwandike majina, tarehe, nyumba ipi, grenda ilikuwa ya nani, picha za kwenye simu tafuteni zote mzihifadhi barua pepe. Miaka 20 ijayo hamtakumbuka hata rangi ya gari la mkandarasi.

MtotoWaFundi (Tabora)

Daah, wakuu nashukuru. Mbuzi wamepona.

Nimekaa na mzee jana jioni. Kampuni mwenyewe alikuwa mtu binafsi, sio tawi la Ulaya, kwa hiyo hiyo ya London naona haipo. Magunia anakumbuka yalikuwa ya katani, yana muhuri mwekundu wa mnyama, maandishi hakujali kusoma. Barua ya ajira iliungua na nyumba ya bibi 1994. Kitu pekee alichobaki nacho ni kadi ya njano imechanika ina namba, imeandikwa NPF.

Halafu kuna jambo sikulisema mwanzo. Mama ndo aliyekuwa anafua ovaroli. Anasema kabla ya kuloweka anazipigiza kwenye jiwe mara kadhaa unga utoke, mimi nikiwa mgongoni. Mama naye ameanza kikohozi, kikavu. Nikimwambia twende hospitali anasema ni moshi wa jiko.

binti_Isevya (Tabora)

Mama aende. Kesho, usimbembeleze. Wake za wafanyakazi walioumwa kwa kufua nguo wapo wengi duniani, hili linajulikana. Na wewe uliyekuwa mgongoni pia uende.

Mwanasheria Kapuku

Nimesimama nimesoma hii ya mama mara mbili.

Kwanza hiyo kadi ya njano ni dhahabu!! NPF ni mfuko wa akiba wa wafanyakazi wa zamani, ndo iliyogeuka NSSF 1997. Nenda NSSF na hiyo namba, omba taarifa ya michango, itaonyesha nani alikuwa anakatwa, na nani, toka mwaka gani. Moto uliunguza barua, haukuunguza rekodi za serikali. (Wengine mnaosoma, kama mzee alikuwa shirika la umma tafuteni upande wa PPF, mfuko wa pensheni wa mashirika ya umma, ambao toka 2018 umo ndani ya PSSSF.)

Pili, mzee aongee akiwa bado ana pumzi. Sio uchuro, ndo kesi hizi zilivyo, shahidi mkuu ndo mgonjwa mwenyewe. Mrekodi kwa simu vipande vifupi vifupi, alikofanya kazi, unga, pipa, magunia, maziwa, wenzake. Kisha iandikwe kiapo asaini mbele ya wakili au hakimu.

Tatu, mama. Sitakudanganya, huku ndo pagumu. WCF ni ya mfanyakazi na wategemezi wake, mama hakuajiriwa, kazi ya kufua hakuna aliyemwandikia. Yeye njia yake ni kesi ya madai ya uzembe, ukomo wake miaka 3, na wa kumshtaki ndo huyo aliyeondoka. Afrika Kusini mfuko wa asbesto ulioundwa 2003 uliwafikiria hata walioishi jirani na migodi, huku sheria yetu bado inamwangalia mwenye ovaroli, aliyeifua haimuoni. Lakini apimwe na iandikwe, usiache tu.

Hela ya wakili kama hakuna, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, bure, waulizie halmashauri. Nitumie PM barua yako ya madai kabla hujaipeleka, nitaipitia, hunilipi kitu. Labda asali.

Embe Dodo

Wakili anakubali asali, huyu ni wa kwetu kabisa hahaha.

Jicho la Ng'ambo

Narudisha maneno yangu kuhusu mbuzi.

MtotoWaFundi (Tabora)

MREJESHO. Wiki ya tatu toka nianzishe uzi.

NSSF wamenipa taarifa, jina la kampuni lipo, michango ya 1972 hadi 1989, imeruka miezi saba tu. Barua ya madai nimepeleka na cheti cha daktari na kiapo, nakala yangu imegongwa muhuri, naiangalia kila siku kama mtoto mchanga. Mama kapigwa picha, wamemwandikia arudi baada ya mwezi na wametaka siti skani. Jamaa wa elfu 50 kahamisha kiofisi, sijui wapi.

Kumrekodi mzee kumechukua siku nne. Anaongea dakika tatu anapumzika kumi. Kuna kipande anataja wenzake sita waliokuwa genge moja, nimewatafuta wote, wanne wamekufa, "kifua" ndo wanavyosema ndugu zao wote wanne, TB, pumu, kurogwa. Wa tano akili imeondoka. Wa sita ndo namtafuta maana Kapuku anasema nikipata shahidi mmoja aliyekoroga kwenye pipa lile kesi inasimama vizuri. Alihamia Kigoma miaka ya 80, Ujiji au Mwanga. Mzee anasema alikuwa mrefu, mpiga gitaa, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hana, kilikatwa na flenji. Watu wa Kigoma nisaidieni.

Nyuki Mkali (Kigoma)

Hana kidole na anapiga gitaa? Kushoto ndo mkono wa nyuzi huo mkuu.

MtotoWaFundi (Tabora)

Alijifunza upya na vitatu. Mzee anasema alikuwa anapiga vizuri kuliko mwanzo.

Fundi Paa (Kigoma)

Mwanga, nyuma ya soko kuna mzee mrefu anatengeneza majiko ya mkaa. Kidole hana, kushoto. Gitaa sijawahi kumwona nalo. Huwa anakaa kwenye kigoda anagonga bati kidogo, anasimama anavuta pumzi, anagonga tena. Jumamosi nina kazi upande ule, nitamuuliza kama aliwahi kunywa maziwa saa nne.